Ukingo Uliokatwa

Jumatatu, mvua ya Galisia ikigonga vioo,
niliwagawia wanafunzi ishirini na wawili
karatasi tatu na picha moja,
nikawaambia: msinieleze kilichotokea.
Nielezeni kwanza mnajuaje.

Picha: Septemba ya mwaka hamsini na nane,
kijiji cha Vilar de Seixo kinahama
kabla bwawa halijakimeza.
Mkokoteni, magodoro,
kitanda cha mtoto miguu juu,
na wanawake watano wanatabasamu.
"Walifurahi," akasema Brais, mwepesi kama kawaida yake.
Nikamuuliza: kamera ilishikwa na nani?
Akainama tena.
Antía ndiye aliyekiona, chini, kwenye vumbi,
kivuli cha mpiga picha
kimevaa kofia ya pembe tatu, kofia ya askari.
Tabasamu zile zikabadilika machoni petu
bila mdomo hata mmoja kusogea.

Karatasi ya kwanza, ripoti ya kampuni ya umeme:
*Wakazi waliondoka kwa hiari tarehe tatu. Anga safi.*
Ya pili, daftari la tanuri la mikate ng'ambo ya mto:
tarehe tano, watu wa Vilar, mikate arobaini, deni.
Ya tatu, barua ya Erundina kwa kaka yake Argentina:
*Maji yalitukuta mezani. Kuku sikuwapata wote.*

Darasa likalipuka: ripoti ni ya uongo!
Polepole, nikasema.
Barua nayo inaomba pesa, someni mstari wa mwisho.
Mwenye kuomba hukoleza chumvi,
mwenye kulipwa huimwagia maji.
Mwoka mikate hakuwa na hadithi ya kumuuzia mtu,
alitaka deni lake tu,
basi mtegeeni sikio zaidi.
Lakini hata yeye mbaneni:
wale asiothubutu kuwakopesha
walikula nini siku ile,
na nani aliandika njaa yao?

Xoel, ambaye hukaa wiki nzima bila neno,
aliuliza kuhusu mbwa.
Kweli, yumo, amefungwa kwenye mlango wa nyumba tupu.
"Walimwacha?"
Niliandika ubaoni SIJUI,
nikawaomba wainakili
kama wanavyonakili tarehe.

Ndipo Uxía akainua ripoti dhidi ya mwanga.
"Mwalimu, hizi nyingine zina pambizo pande zote.
Hii, chini, haina.
Na hapa naona vichwa vya herufi, miili haipo.
Ya jirani yangu ni hivyo hivyo, lakini mkato wake umepinda kidogo.
Kwa hiyo si mashine.
Ni mkasi, na ni mkono wa mtu."

Zilibaki dakika sita kengele ilie.
Ningeweza kuwasingizia panya wa hifadhi,
ukungu, uzee wa karatasi, karani fulani marehemu.
Ulimi ulikuwa umeshajipanga.

Nikafungua droo.
Vipande ishirini na viwili, upana wa kidole,
nilivyokata Jumapili usiku jikoni, redio ikiwa imezimwa.
Nikapita dawati kwa dawati, nikimpa kila mmoja chake:
*Mpima ardhi, Eladio Castiñeira.*
Jina hilo la pili limebandikwa kwenye mlango wa darasa hili,
chini ya langu la kwanza.
Babu. Alinifundisha kusoma ramani nikiwa pajani pake,
na bluu ya mito aliipaka kwa mkono usiotetemeka.

Hakuna aliyecheka.
Brais, safari hii taratibu, akasema:
"Basi na wewe ni ushahidi."
Naam. Andikeni kwamba nilikata.
Andikeni siku na mkasi.
Sababu nitawapa, lakini msiichukue
kwangu peke yangu.

Uxía alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.
"Aliishi muda gani baada ya hapo?
Aliwahi kurudi kule?
Na tarehe tatu, Mwalimu,
tunajuaje kwamba aliiandika yeye,
na hakupewa tu atie sahihi?"

Swali hilo, miaka yote, sikuwa nimelithubutu.
Kengele ikalia. Hawakusimama.